Kuainisha Kauri: Mwongozo kwa Aliyekosa wa Kumwonya

Umekwenda pwani maji yamekupwa, umeokota kauri tano, umezitia mfukoni, na sasa zimelala mezani karibu na kikombe chako cha chai. Mtoto amezigusa mojamoja kisha akauliza, "Baba, hizi ni kauri gani?" Jibu jepesi lilikuwapo. Ungesema "kauri tu, mwanangu," ukamalizia chai yako. Wewe ukasema, "Ngoja nizitazame vizuri." Basi pole. Mwongozo huu ni wa mtu aliyesema hivyo, na umeandikwa na mtu aliyewahi kusema hivyohivyo miaka kadhaa iliyopita na mpaka leo bado anatazama.

Nikupe moyo mapema, maana baadaye sitakuwa nao wa kukupa. Kauri zilizo hai duniani ni zaidi ya spishi 200, nasi hatutazigusa zote. Tutabaki na jenasi moja tu iitwayo Monetaria, ya vile vikauri vya sentimita mbili au tatu vilivyotumika kama fedha tangu China mpaka Mali. Spishi zake ni tano au sita, inategemea umemuuliza nani. Moja iko visiwa vya Polinesia ya Kifaransa, nyingine Kisiwa cha Pasaka, nyingine Hawaii. Hizo ziache hukohuko kwao. Mwambao wetu, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, una tatu. Tatu tu! Mtu anayejua kutofautisha changu na tasi sokoni atashindwaje na kauri tatu?

Swali hilo likumbuke. Ndilo lililotupoteza wengi.

Kitabu kitakuambia hivi. Carl Linnaeus, Msweden ambaye hakuwahi kutia mguu katika Bahari ya Hindi, alizipa zote tatu majina ya Kilatini mwaka 1758. Ya kwanza ni moneta, yaani fedha: ya manjano, yenye pembepembe, na nundu mgongoni kuelekea nyuma. Ya pili ni annulus, yaani pete: ya mviringo wa yai, laini, yenye mstari wa rangi ya dhahabu unaouzunguka mgongo, na ndani ya mstari huo rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu. Ya tatu ni caputserpentis, yaani kichwa cha nyoka: bapa chini, kahawia iliyokolea pembeni, madoa meupe juu. Nundu, pete, nyoka. Unaweza kumfundisha mtoto wa chekechea kwa dakika tano. Mwandishi wa kitabu anafunga ukurasa na kwenda zake, anakuachia wewe na zile tano zako mezani.

Sasa zitazame. Moja ina pete safi kabisa. Hiyo ni annulus, na ukitaka ushauri wangu, mwoneshe mtoto hiyo moja, zilizobaki zifiche kwenye droo. Hutaki? Haya.

Ya pili ni ya manjano, ina nundu, na juu yake ina kimstari chembamba cha rangi ya machungwa kinachozunguka mgongo. Ina nundu na ina pete. Usitoe macho. Moneta nyingi huvaa pete hafifu ya namna hiyo, na kitabu chako kimelitaja jambo hilo kwa herufi ndogo mahali ambapo hukusoma. Utapata pia moneta ambazo nundu zake lazima uzitafute kwa kidole kama unayetafuta uvimbe kwenye kichwa cha mtoto aliyeanguka, na nyingine zimejaa mabonge kama tangawizi. Kwa hiyo kanuni yako mpya ni hii: yenye pete ni annulus, isipokuwa ikiwa ni moneta, na yenye nundu ni moneta, ukiziona.

Ya tatu imekaa ufukweni muda mrefu. Jua na mchanga vimeila tabaka ya juu, na rangi iliyobaki ni zambarau iliyopauka. Hapa ndipo wanaoanza hufurahi wakidhani wamegundua spishi mpya. Nakusihi usimpigie mtu simu. Ile dhahabu ya pete na ile manjano ya moneta ziko juujuu, kama rangi ya ukutani. Chini yake gamba lina zambarau, na kauri za aina hizi zikishachakaa huishia kufanana kama wazee waliokaa baraza moja miaka arobaini.

Ili uelewe kwa nini mgongo unadanganya hivi, inabidi ujue unatengenezwaje. Kauri akiwa hai gamba lake halionekani sana. Ana nyama laini, nyembamba, inayopanda kutoka chini pande zote mbili ikakutana juu mgongoni, tuiite joho. Joho hilo ndilo linalojenga gamba kwa nje, tabaka juu ya tabaka, na ndilo linalolilinda lisikwaruzwe. Ule mng'ao unaouona ni kazi ya joho, hakuna aliyeupiga msasa. Konokono wengine hubeba nyumba mgongoni. Kauri huivisha nyumba yake nguo. Mwenye joho akifa, nguo inaoza kwa siku chache, na kuanzia hapo kila wimbi linapunguza kitu ambacho wewe ulikuwa unakitegemea.

Ya nne ndiyo inayonifanya niandike.

Igeuze. Huku chini iko sawa: mdomo mrefu, meno pande zote mbili. Irudishe juu. Mgongo hakuna. Umevunjwa, limebaki tundu kubwa unaloweza kupenyeza uzi. Hii haikutoka baharini moja kwa moja. Imepita mikononi mwa mtu, imeshonwa kwenye ngozi au kamba au nguo, ikakatika, ikarudi mchangani. Kuanzia Afrika Magharibi mpaka huku kwetu, watu waliotaka kushona kauri walivunja mgongo ili ilale bapa. Kwa mshonaji, mgongo ni kikwazo. Kwa mwainishaji, mgongo ndio kila kitu: pete iko hapo, nundu ziko hapo. Kwa maneno mengine, aliyeitumia kauri alitupa sehemu ileile ambayo mtaalamu anaihitaji, na hakufanya kosa lolote. Hakuna aliyemwambia kwamba baada yake atakuja mtu na kioo cha kukuzia.

Usidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Kwa wanaochimba mambo ya kale huko Afrika Magharibi, pete ya kauri ni kama tarehe. Moneta zilifika huko kwa karne nyingi, hasa kutoka Maldivi, kwanza kwa ngamia wa jangwani kisha kwa meli za Ulaya. Annulus hazikuanza kumiminika mpaka miaka ya 1840, wafanyabiashara wa Hamburg walipogundua kwamba kauri za pete zilikuwa tele na rahisi Zanzibar na mwambao wake. Kampuni ya Hertz ilitangulia, O'Swald ikafuata, na meli zikajazwa kauri zetu kwenda Ouidah na Lagos, ambako zililipia mafuta ya mawese. Kwa kawaida, basi, rundo la annulus chini ya sakafu ya nyumba huko Benin linamnong'oneza mchimbaji: karne ya 19, na mzigo wa Unguja. Rundo la moneta linaweza kuwa la zamani zaidi kwa mamia ya miaka. Mwaka 1964 Mfaransa Théodore Monod alifukua katika jangwa la Mauritania mzigo wa msafara uliopotea miaka mia nane hivi iliyopita: vipande virefu vya shaba pamoja na maelfu ya kauri, maelfu ya kilomita kutoka bahari yao. Mtu akikosea jina la kauri mahali kama hapo, hajakosea konokono tu. Amekosea njia ya biashara na karne.

Na mgongo ukiwa umevunjwa? Hapo wataalamu huinama juu ya kilichobaki: umbo la ukingo, unene wa pembeni, meno. Wakati mwingine wanapata. Wakati mwingine wanaandika neno ambalo nitakutajia mwishoni, neno zuri kuliko yote katika fani hii.

Meno, basi. Onyo la kwanza: si meno. Ile mikunjo iliyojipanga mdomoni mwa gamba haitafuni chochote. Meno halisi ya kauri yako kwenye ulimi, safu kwa safu, meno saba kila safu, madogo ya kuonekana kwa hadubini. Hapa kuna kichekesho ambacho wenye vitabu hawakicheki vya kutosha. Jina Monetaria lenyewe, jina la jenasi ya kauri za fedha, lilitolewa mwaka 1863 na Mjerumani Franz Hermann Troschel katika kitabu chake kikubwa kuhusu meno ya konokono, yale ya ulimini. Jenasi ambayo wewe unajaribu kuitambua kwa gamba lililoachwa na mwenyewe iliwekwa na mtu aliyekuwa akichungulia ndimi.

Onyo la pili linahusu kuhesabu. Mume na mke, Franz Alfred Schilder na Maria Schilder, waliyatoa maisha yao kwa kauri, na mwaka 1938 walianza kuchapisha London orodha ya kauri zote zilizo hai. Hawakuamini macho matupu. Walipima urefu kwa milimita, wakaugeuza upana kuwa asilimia ya urefu, wakahesabu meno ya kila upande, kisha wakaigeuza hesabu ya meno kana kwamba kila kauri ina urefu wa milimita 25, ili ndogo na kubwa zilinganishwe kwa haki. Ni kazi ya subira ya kutisha, nami naiheshimu. Nilijaribu kuifuata nyumbani kwa kauri moja. Mara ya kwanza nilipata meno 12. Mara ya pili 13, kwa sababu kuna kijimkunjo mwishoni ambacho sikukubaliana nacho kama ni jino au ni aibu tu ya gamba. Mara ya tatu nikaitwa kula katikati ya hesabu. Niliporudi nikaanza upya nikapata 11. Mke wangu, ambaye hajasoma Schilder, alizitazama kauri zangu zote kwa sekunde mbili akasema, "Hizi za Jambiani, hii moja umenunua." Alikuwa sahihi.

Ukubwa usikuhangaishe, ila ujue mtego wake. Kauri mwenye sentimita moja na nusu si mtoto wa mwenye sentimita tatu. Anapobalehe, kauri hukunja mdomo wake kwa ndani, huota ile mikunjo tuliyoiita meno, na tangu siku hiyo gamba halirefuki tena. Huongezeka unene tu. Kwa hiyo mdogo anaweza kuwa babu. Mtoto halisi ana gamba jembamba, mdomo mpana, hana meno, na nyuma kuna msokoto kama wa konokono yeyote. Ukimwona, utaapa kwamba si kauri kabisa. Watu wazima wenye shahada wamemtia kwenye kisanduku kisicho chake, wakaandika jina kwa wino.

Nimetaja wino, na hapa hadithi inahamia kwa watoaji majina. Katika fani hii kuna watu wa aina mbili: wanaokusanya na wanaotawanya. Wa kwanza wakiona kauri mia zenye tofauti ndogondogo husema, "Hii ni moja." Wa pili husema, "Hizi ni kumi na nne." Bingwa wa kutawanya kauri zetu alikuwa Alphonse Trémeau de Rochebrune wa Paris, ambaye mwaka 1884 alitoa utafiti mzima juu ya Monetaria na kuikatakata kama keki ya harusi. Kulikuwa na camelorum, ya ngamia. Kulikuwa na vestimenti, ya nguo. Kulikuwa na mercatorium, ya wafanyabiashara, na ethnographica, ambayo sithubutu kuitafsiri. Soma majina hayo kwa makini: kuna ngamia, kuna nguo, kuna mfanyabiashara, kuna makumbusho. Bahari haimo. Hakuna ngamia aliyewahi kuishi chini ya jiwe la matumbawe. Leo majina hayo yote yamerudishwa chini ya moneta na annulus, yakiwa yamelala katika orodha ndefu za majina yasiyotumika, na kazi pekee iliyobaki kwayo ni kumnasa mtu kama wewe atakayeyakuta kwenye lebo ya zamani na kudhani amepata hazina.

Kuna adabu moja ya majina ambayo lazima uijue kabla hujakaa na wenyewe. Linnaeus aliziweka kauri zote katika jenasi moja, Cypraea, jina linalotokana na mungu wa kike wa mapenzi wa Kigiriki aliyehusishwa na kisiwa cha Saiprasi. Baadaye wengine wakaihamisha moneta kwenda Monetaria. Sheria ya majina inasema spishi ikihamishwa, jina la aliyeipa jina kwanza hutiwa kwenye mabano. Ndiyo maana utaona Monetaria moneta (Linnaeus, 1758). Yale mabano si mapambo. Yanamaanisha: huyu alitoa jina, lakini nyumba tumeihamisha. Ukiyasahau mbele ya mkusanyaji mzee, atakusahihisha kwa sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko tusi.

Sasa utasikia kishawishi cha rangi. Utaoneshwa picha ya moneta nyeusi kama mkaa, ncha zake zimevutwa zikawa kama pua ya chuchunge, na bei yake itakufanya umtazame jirani yako mwenye mtumbwi kwa macho mapya. Hizo hutoka New Caledonia, ambako ardhi imejaa nikeli, na wengi wanaishuku nikeli hiyo kwamba ndiyo inayomharibu mnyama anapojenga gamba. Si spishi. Ni konokono walewale wa kawaida waliopatwa na jambo, na jambo hilo lina wanunuzi. Usiniulize maadili yake; mimi nakuonya tu kwamba weusi si sifa ya kuainishia, na kwamba pale pesa zinapoingia, tupa na mafuta ya kung'arishia huingia nazo.

Rafiki yako msomi, akikuona unahangaika hivi, atasema kwa huruma, "Si upime DNA?" Mjibu kwa utulivu. Mwaka 2005 Christopher Meyer na Gustav Paulay walichapisha jaribio la njia hiyo, na kauri ndizo walizozitumia, kwa sababu ni familia iliyokusanywa vizuri kuliko nyingi. Walikuta kwamba pale ambapo kundi linajulikana vizuri, makosa ya kutambua spishi yanaweza kushuka mpaka asilimia 4. Pale ambapo kundi halijulikani vizuri na mtu anatumia kipimo cha tofauti kuamua wapi spishi moja inaishia, makosa hayakushuka chini ya asilimia 17 hivi. Ni bora kuliko kuhesabu meno ukiitwa kula. Lakini hata mashine inataka kwanza uwe na mtu aliyezijua kauri zake, na ile ya nne yako, yenye tundu mgongoni, iliyokauka nani ajuaye tangu lini, haina nyama ya kuipa.

Wakati haya yote yanaendelea, ipo jamii ya watu ambao waliainisha kauri kwa mamia ya miaka bila kugombana: wenye maduka. Msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikaa Maldivi miaka ya 1340 na kukuta dinari moja ya dhahabu ikinunua kauri 400,000, na wakati mwingine mpaka 1,200,000. Alipofika Mali baadaye, alikuta dinari moja ni kauri 1,150. Hakuandika neno juu ya nundu. Alijua zimetoka wapi na zina thamani gani hapo zilipo, na hiyo ilimtosha. Na zile za Unguja zilipoingia Afrika Magharibi karne ya 19, wapokeaji walijua bila lenzi kwamba hizi ni kubwa na nzito kuliko za Maldivi. Mchukuzi aliyebeba gunia kichwani aliitambua annulus kwa shingo yake.

Nina maonyo mawili ya lugha, maana unaishi kati ya Waswahili. Kauri hizi huitwa pia kete, kwa kuwa zamani zilichezewa. Neno ni safi na la kale. Lakini dunia imebadilika, na kete siku hizi ni pia kifurushi cha dawa za kulevya. Kwa hiyo usisimame kituo cha basi ukasema kwa fahari kwamba una kete thelathini nyumbani na unatafuta mtu wa kukusaidia kuzipanga kwa ubora. Onyo la pili linamhusu mtoto. Akiwa mwerevu atakumbuka kwamba vyombo vya udongo mweupe unaong'aa navyo huitwa kauri, atakiangalia kikombe chako, na atauliza kama nacho ni konokono. Usicheke. Waitaliano walifanya vilevile: porcellana kwao lilikuwa jina la kauri kabla halijawa jina la vyombo vya China, na Ulaya nzima ikalichukua. Watu wawili wasiojuana, huku na kule, walitazama sahani na gamba wakaona mng'ao uleule. Katika mambo yote ya kuainisha niliyokutajia, huo ndio uamuzi ambao sijaona mtu akiupinga.

Imebaki ya tano. Ni bapa, ndogo, kahawia kwa mbali, imesagika upande mmoja. Inaweza kuwa kichwa cha nyoka aliyezeeka. Inaweza kuwa annulus iliyoungua na jua. Umeigeuza mara ishirini. Sasa lipokee lile neno nililokuahidi. Wataalamu wakishindwa kwa heshima huandika kwenye lebo Monetaria sp., kifupi ambacho kwa Kiswahili hakina tafsiri nzuri kuliko hii: Monetaria fulani. Kauri fulani, mwana wa fulani. Nimekuta lebo za namna hiyo zilizoandikwa na watu wanaojua kuliko mimi na wewe tukiunganishwa, na mkono haukutetemeka.

Ila fulani wako mpe anwani. Andika umemwokota wapi, tarehe gani, maji yalikuwa bamvua au mafu, alikuwa juu ya mchanga, kwenye majani au kando ya mwamba. Jina linaweza kurekebishwa na yeyote miaka hamsini ijayo. Mahali ulipoinama unapajua wewe peke yako, na kauri nzuri isiyo na mahali inafaa kwa hereni tu.

Okota zilizokufa, tena nje ya hifadhi za bahari, ambako kuokota hakuruhusiwi. Walio hai hukaa chini ya mawe, na mara nyingi jike huwa ameyalalia mayai yake, ameyafunika kwa mguu wake mpaka yaanguliwe. Jua la saa sita likiyapiga yamekwisha. Kwa hiyo kesho ukirudi na mtoto, na utarudi, lile jiwe mtakaloligeuza mlirudishe lilivyokuwa, upande uleule.